Lami ya Miti Mibichi

"Sheria ya lami itakufa siku ya Mtakatifu Mikaeli," alisema Nathaniel Crisp, akakalia pipa la kwanza kana kwamba ameshalinunua. "Mwisho wa Septemba. Lami itakayoshushwa London siku ya pili yake haina nyongeza ya bei. Mfalme hatoi hata senti."

"Si walisema wataiongezea muda?" aliuliza Keziah. Alikuwa amesimama kando ya mumewe, mikono yake bado myeusi kwa lami.

"Wamesema, mama. Kila sheria ikikaribia kufa Bunge husema wataiongezea. Nyingine huiongezea, nyingine huisahau mpaka inanuka. Wewe unaweza kupika neno 'wataiongezea' ukawapa watoto wakala?"

Crisp alikuwa mchuuzi wa mto mzima. Merikebu yake ndogo ilikuja mara tatu kwa mwaka kuchukua lami, na kwetu kolonini, ambako fedha huonekana kwa nadra kama theluji ya kukaa, alilipa kwa vitu. Siku hiyo bei yake ilikuwa rahisi kueleweka. Pipa la lami lenye cheti cha hakimu, gunia moja la mahindi. Pipa lisilo na cheti, nusu gunia. Gideon Overman alikuwa na mapipa arobaini yamepangwa gatini.

"Cheti kinasema nini hasa?" aliuliza Gideon. Hakuvua kofia. Sisi wa dhehebu la Marafiki hatuvui kofia kwa mtu, awe mchuuzi au gavana.

"Unajua kinachosema. Kwamba lami imetoka kwenye misonobari mibichi, uliyoimenya ganda ikiwa hai, ukaiacha imesimama mwaka mzima ndipo ukaikata. Siyo magogo makavu ya kuokota porini. Wenye meli wanasema lami ya magogo makavu inaunguza kamba zao. Nenda kwa Hakimu Pratt, uape, uniletee karatasi. Nang'oa nanga Jumamosi."

"Sisi hatuapi, Rafiki Nathaniel."

"Hamuapi, najua, hamuapi, hamnywi, hamchezi. Lakini si mmeruhusiwa kusema tu? Basi kaseme. Ndiyo ni ndiyo. Mdomo unao."

Keziah alicheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu Mei, alipompoteza mtoto aliyekuwa tumboni. Gideon alitazama maji.

*

Sebuleni kwa Hakimu Josias Pratt watu walikuwa wamejipanga hadi barazani. Mbele yao alikuwa Ebenezer Tully, na kila mtu kwenye mto alijua kuwa Tully hajawahi kumenya mti hata mmoja. Vibarua wake huzunguka porini na mkokoteni wakiokota magogo yaliyoanguka tangu enzi za babu zetu. Tully aliweka kiganja juu ya Biblia, akaapa kwa sauti ya mtu anayeagiza chai, akaibusu, akapewa cheti cha mapipa mia moja na ishirini.

"Mungu ni mkubwa," alisema akitoka, akimkonyeza Gideon. "Hasikilizi mambo ya lami."

Hakimu alipomwona Gideon alitabasamu. Alimpenda. Alikuwa amechoka kusikia uongo tangu asubuhi, na sasa, alifikiri, angalau nitasikia ukweli mara moja kabla ya chakula cha mchana.

"Gideon, njoo. Kitabu nakiweka pembeni, sikulazimishi. Nitafuta 'anaapa' niandike 'anasema kwa dhati'. Wewe useme tu: lami hii yote imetoka kwenye miti mibichi iliyosimama mwaka mzima. Basi, uende zako."

Gideon akaitazama kalamu.

"Hata usiseme yote. Sema ndiyo."

Keziah, aliyekuwa mlangoni, alimwona mumewe akifungua mdomo na kuufunga. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Mtu mmoja nyuma akakohoa, mwingine akasema kwa sauti, "Jamani, hata ndiyo kwao ni dhambi siku hizi?" Baraza zima likaangua kicheko.

"Nina mashaka na maneno hayo, Rafiki Josias," Gideon alisema hatimaye. "Siwezi kuyasema."

"Mashaka gani?"

"Mashaka ya moyo."

Hakimu aliweka kalamu chini. Akamtazama Keziah kwa huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyomuumiza Keziah kuliko kicheko.

*

Mama yake Gideon, bibi kizee Damaris, aliposikia habari aliinuka kutoka kitini, jambo ambalo hakulifanya kila siku. "Baba yako alikaa gerezani miezi kumi na minne kule Uingereza kwa kukataa kuapa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Leo angekuona! Siyo kiapo tu, hata kile kivuli cha kiapo umekikataa. Mwanangu!"

"Mama, tafadhali," alisema Gideon.

"Acha nijivunie. Nimebakiwa na nini kingine?"

Keziah alimngoja mkwewe alale ndipo aliposema. Hakupandisha sauti. Alimshika Gideon mkono akampeleka kwenye ghala la mahindi, kibanda cha magogo nyuma ya nyumba, akafungua mlango. Sakafuni kulikuwa na mahindi ya kufika kiunoni mwa mtoto, basi. Mwaka uliopita, wakati wenzao wanalima, wao walikuwa porini na visu vya kumenyea, wakizunguka mti baada ya mti kwa ajili ya sheria hiyo. Walipanda nusu ya shamba.

"Nihesabie," alisema. "Watoto watatu. Mama. Mimi na wewe. Mpaka lini?"

"Mpaka Krismasi ya watu wa kanisa. Pengine Januari."

"Na magunia arobaini?"

"Mpaka mavuno."

"Na ishirini?"

Ishirini ilikuwa ni kuuza ng'ombe, kisha kumpeleka binti mkubwa, Lydia, akatumikie nyumba ya mtu kwa chakula chake. Wote wawili walilijua hilo na hakuna aliyetaka kulitamka.

"Gideon, ingekuwa uongo ningekuelewa. Ningesema, sawa, tufe njaa na roho safi. Lakini ni kweli! Nimeimenya miti ile mwenyewe. Tazama mikono hii. Unakataa kusema ukweli, kwa sababu gani?"

"Kuna mambo moyoni mwa mtu."

"Basi moyo wako uwapikie watoto."

Hapa ndipo angesema. Niseme wazi, mimi simwonei Gideon huruma sana katika habari hii, lakini najua neno lilimfika kooni. Alisema "Keziah," kisha akasema "giza linaingia," akafunga mlango wa ghala.

*

Asubuhi Gideon alimwona mkewe akivaa viatu. Kwetu wanawake hawavai viatu wakati wa joto ila kwa safari. Keziah alijifunga shali, akanywa uji wa mahindi kwa kusimama.

"Unakwenda wapi?"

"Mimi sikuzaliwa kwa Marafiki," alisema. "Nilikuja kwenu kwa ajili yako. Baba yangu kule Virginia aliapa mahakamani kila mara na hakuota pembe. Sheria inataka aliyeona kwa macho yake. Mimi nimeona. Zile siku nne nilizolala ndani, baada ya mtoto, ndizo tu sikufika kwenye tanuri, na wewe ulikuwepo."

Tanuri la lami hupangwa kama la mkaa: magogo hurundikwa juu ya sakafu ya udongo iliyoinama, hufunikwa kwa nyasi na mchanga, moto ukala polepole na lami ikatiririka chini hadi shimoni. Likishafunikwa, hakuna anayejua kilichomo ndani. Gideon alilifunika siku ya tatu kati ya zile nne.

Alimtazama mkewe akifungua mtumbwi. Alikuwa na muda wa kutosha. Kamba ilikuwa imekaza na Keziah alihangaika nayo, akavunja ukucha, akatukana kidogo. Gideon aliteremka hadi ukingoni.

"Utarudi lini?" aliuliza.

"Jioni."

"Haya."

Akamsukumia mtumbwi.

*

Keziah aliapa wima, bila kutetemeka. Alipoinua kiganja, alama ya lami ilibaki kwenye jalada la Biblia, na mke wa hakimu akaja na kitambaa kuifuta, akisugua kwa mdomo uliobinuka. "Haitoki," Keziah alimwambia. "Jaribu mafuta ya nguruwe." Akapewa cheti. Jumamosi mapipa arobaini yakapakiwa na magunia arobaini yakashushwa, na watoto wakacheza juu yake hadi Lydia akatoboa moja.

Damaris alikataa kula. "Mahindi ya kiapo siyagusi," alitangaza. Siku ya kwanza alikula samaki mtupu. Ya pili alikula maboga. Ya tatu, alipodhani hakuna anayemwona, alikata kipande cha mkate wa mahindi akakila haraka haraka amegeukia ukuta. Keziah alimwona, akaondoka jikoni kimya kimya ili asimwaibishe. Njaa ya mzee ni ya kusitiriwa.

Habari za kiapo hazikuhitaji miguu. Wiki mbili baadaye akaja Prudence Hale kutoka kikao cha wanawake wa Marafiki, akakaa kitako, akanywa maziwa, akazungumza habari za kuku kwa muda mrefu. Kisha akatoa karatasi.

"Dada Keziah, sisi hatukuchukii. Jambo hili lina njia yake. Siku ya kikao utasimama, utasoma maneno haya ya kujutia, na yatakwisha. Usiposoma..." Alimaliza maziwa. "Usiposoma, kikao kitakuandika kuwa si mwenzetu. Na Gideon atakuwa amekaa na mke asiye mwenzetu. Unajua wanavyoweza kusema."

"Maneno ameandika nani?"

"Tumeyaandika pamoja. Gideon ameyaona, ameyakubali."

Keziah alisoma. Yalikuwa mafupi. Kwamba yeye, kwa udhaifu na kwa hofu ya njaa, alikwenda kinyume cha Bwana aliyesema msiape kabisa. *Na ingawa nililoliapia lilikuwa kweli, na mume wangu alikuwa amenitangulia kwa mfano mwema, mimi sikuufuata.*

"Sawa," alisema. "Hilo naliweza. Ni kweli niliapa."

*

Siku mbili kabla ya kikao ng'ombe alipotea. Keziah alimfuata mwenyewe kwa kengele yake, akavuka kijito, akaingia kwenye msitu wa ng'ambo ambako tangu Mei hakuwa na sababu ya kufika. Gideon ndiye aliyesema kuwa kule kote ameshakata.

Miti ilikuwa imesimama.

Ilisimama uchi, myeupe kutoka chini hadi juu kidogo ya kichwa cha mtu, na upande mmoja utepe mwembamba wa ganda ulioachwa ili mti usife. Aliutambua mkono wake mwenyewe. Yeye humenya kwa kushuka, Gideon humenya kwa kupanda. Utomvu ulikuwa umetoka na kugandia juu ya ule weupe. Alianza kuhesabu bila kutaka. Alipofika sitini na miwili ilikuwa imekwisha. Hiyo ilikuwa nusu ya kazi yao yote, na zaidi.

Kengele ya ng'ombe ilikuwa ikilia karibu naye, lakini alikaa chini.

Gideon alikuwa akichanja kuni alipomwona anarudi, ng'ombe mbele, yeye nyuma.

"Umempata," alisema.

"Sitini na miwili."

Shoka lilibaki kwenye gogo.

"Haikuwa imetimiza mwaka," Gideon alisema. Maneno yalimtoka haraka, kama mtu anayetapika. "Ile ya ng'ambo tulichelewa kuimenya, unakumbuka, mvua ilinyesha. Ilihitaji mpaka vuli. Na sheria inakufa Septemba. Ningeingoja miti, sheria ingekufa. Kama ningeikata, imekosa utomvu, ningepata mapipa ishirini. Nikaokota magogo makavu. Kama Tully. Kama watu wote. Nilidhani nitakwenda kwa hakimu niseme neno moja tu, na ningeweza. Nilipofika pale mdomo ukakataa."

"Mdomo wako ukakataa."

"Ndiyo."

"Ukautumia wangu."

"Sikukutuma, Keziah."

"Ulinisukumia mtumbwi!"

Damaris aliita kutoka ndani akiuliza kuna nini.

"Ungeniambia," alisema Keziah.

"Ulikuwa umelala. Umempoteza mtoto. Ningekuambiaje?"

"Nilipovaa viatu sikuwa nimelala."

Gideon aliinama akaanza kuokota kuni, moja moja, akizipanga mkononi. Keziah alingoja aseme kitu. Kuni zilipojaa mkononi aliingia nazo ndani.

*

Katika kikao chetu wanaume hukaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, na hatuna mchungaji wala wimbo. Tunakaa kimya mpaka mtu apewe neno. Wageni hudhani tumesinzia.

Prudence Hale aliinamisha kichwa kuashiria kuwa wakati umefika. Keziah akasimama na karatasi. Alisoma vizuri, baba yake alimfundisha. Alisoma udhaifu, alisoma hofu ya njaa, alisoma Bwana aliyesema msiape kabisa, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayekubali kosa lake hasa, kwa sababu alilikubali.

"Na ingawa nililoliapia," alisoma, akanyamaza.

Tulingoja. Kunyamaza kwetu si ajabu, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyeinua kichwa. Damaris alikuwa akimtazama mwanawe upande wa pili kwa uso wenye fahari ambayo haikumtoka tangu siku ya hakimu. Keziah naye alimtazama mumewe. Gideon alikuwa benchi la tatu, kofia kichwani, mikono juu ya magoti. Ingetosha asimame. Wala asingehitaji kueleza mengi. Maneno kumi yangetosha, na kati yetu wengi wenye lami tungemwelewa vizuri kuliko alivyodhani. Sisi ni nani wa kumrushia jiwe?

Gideon alikaa.

Nzi alitua kwenye karatasi, akaondoka.

"Sentensi hii siisomi," alisema Keziah. "Si yangu." Akaikunja karatasi mara mbili, akaiweka benchini kwa upole, akakaa.

Wazee walimpa nafasi tena, mara mbili, kama ilivyo desturi. Alitikisa kichwa. Prudence akamnong'oneza, "Dada, ni maneno machache tu, ni ya kukutetea wewe." Akajibu kwa sauti iliyosikika hadi mlangoni, "Najua yanamtetea nani."

Wiki ile ile karani wa kikao akaandika kitabuni kuwa Keziah Overman, kwa ukaidi, amekataa kujutia, na kwa hiyo si mwenzetu tena. Gideon Overman aliandikwa kuwa ameonekana mwenye huzuni. Mimi niliyasikia yakisomwa, na sikusema kitu, na mpaka leo nikilikumbuka hilo nasikia aibu.

*

Crisp alirudi mwanzoni mwa Desemba, pua nyekundu kwa baridi.

"Vyeti vyenu nimeambiwa vimetundikwa msumarini kule London," alisema. "Meli ilipigwa na upepo, ikafika Oktoba. Sheria ilikuwa maiti ya wiki tatu. Hakuna hata aliyevisoma. Nimekula hasara ya mto mzima, msinitazame hivyo, mahindi mmeshakula."

"Kwa hiyo kiapo," alianza Keziah.

"Kiapo, ndiyo, yuko nacho Mungu, London hawana." Alicheka peke yake. "Sasa ni nusu gunia kwa pipa, miti mibichi, mikavu, miti ya kitanda chako, sijali."

"Na sheria?"

"Wataiongezea. Wamesema wataiongezea."

Kesho yake Gideon alichukua msumeno mrefu wa watu wawili akavuka kijito. Alikwenda peke yake kwa sababu hakuthubutu kuomba. Alikuwa anahangaika nao, ncha ya pili ikicheza hewani, ndipo Keziah alipotokea katikati ya miti. Alikuwa amevaa viatu. Akaishika ncha ile.

Wakakata hadi mchana bila kuzungumza. Mti wa kumi ulipoanguka, Keziah aliinama akapitisha kiganja juu ya weupe uliojaa utomvu mzito, wa rangi ya asali, kama ambavyo sheria ilitaka.

"Hii imetimiza mwaka," alisema. "Sasa ukiulizwa, unaweza kusema ndiyo."

Gideon alivua kofia, akaishika kifuani, akabaki amesimama hivyo mbele ya mkewe. Akangoja.

Keziah hakumwuliza kitu. Alikwisha kwenda kwenye mti wa kumi na moja, akaweka msumeno, akamngoja ashike upande wake.